Kompyuta Ikilala, Printa Haipo

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na leo hiyo hiyo printa ya masjala imeanza vituko. Daftari hili nimepewa na mume wangu. Ni lile analoandikia vipimo vya wateja wake, kurasa za mbele amezichana. "Andika humo," amesema bila kuinua macho kwenye cherehani, "mimi nina suruali ya mtu ya kumaliza, siwezi kusikiliza kesi ya printa mpaka chakula kipoe." Haya. Naandika.

Nilitoka mezani kupeleka majalada kwa hakimu, dakika kumi na tano, si zaidi. Nimerudi, kompyuta imelala, kioo cheusi ti. Nikaigusa, ikaamka. Nikaagiza wito wa shahidi uchapwe. Kompyuta ikaniandikia kwamba printa haipo. Haipo! Nimeegemeza kiwiko juu yake, taa ya kijani inawaka, karatasi zimejaa tumboni mwake, halafu naambiwa haipo. Nimechomoa waya, nimechomeka, wapi. Mpaka nilipoizima kompyuta nzima na kuiwasha upya ndipo printa ikakubali kwamba ipo duniani.

Jumanne, 4 Machi

Tena. Mara tatu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeichunguza kama mke anavyomchunguza mume anayechelewa kurudi. Haikatai ovyo. Nikikaa mezani nikigusagusa vitufe, inachapa bila neno. Inakataa kompyuta ikishalala tu. Na kompyuta zetu zamani hazikuwa na usingizi huo. Zimeanza wiki hii, ulipotekelezwa waraka aliobandika Msajili mlangoni mwezi jana: kila kompyuta ijilaze baada ya dakika tano, kuokoa umeme.

Msajili ndiye mkuu wa masjala ya mahakama yetu. Nimekuwa chini yake miaka kumi na tisa. Yeye ndiye aliyenifundisha kutoboa jalada na kulishona kwa uzi, na siku yangu ya kwanza aliniambia, "Jalada ni mtu. Ukilipoteza, umempoteza mtu." Ni mtu ninayemheshimu, kwa hiyo nilikwenda kwake kwa adabu.

"Msajili, printa haipatani na usingizi wa kompyuta."

Akacheka. "Bi Karani, mashine hailali wala haioti. Mwite fundi."

Ijumaa, 7 Machi

Fundi wa kompyuta amekuja. Tunamwita Zima-Washa, maana ndiyo dawa yake pekee. Iwe kompyuta, iwe feni, ataizima, ataiwasha, atatia sahihi kwenye kitabu, ataondoka. Leo hakukaa hata dakika nne. Nikamwambia, "Kaka, subiri ilale kwanza uone." Akatazama saa. "Dada, nina ofisi nyingine zinaningoja." Akaondoka na mwavuli wake uliovunjika mbavu.

Dakika tano baadaye kompyuta ikalala. Ilipoamka, printa haipo.

Jumatano, 12 Machi

Mvua kutwa. Paa la korido linavuja juu ya benchi la wananchi, nao wamejifunza kukaa upande mmoja tu.

Jumanne, 18 Machi

Leo nimeaibishwa. Jana niliagiza wito na hati nyingine tena na tena, kila mara naambiwa printa haipo. Kumbe maagizo yote yalikuwa yanapangwa foleni mahali fulani humo ndani. Nilipoizima na kuiwasha asubuhi, printa ikatapika karatasi ishirini na mbili mfululizo, na Msajili amesimama mlangoni na kikombe chake.

"Bi Karani, karatasi si majani."

"Ni foleni ya jana, Msajili. Printa—"

"Kila siku printa, printa. Mbona printa haimgombi mtu mwingine?"

Haimgombi mtu mwingine kwa sababu hakuna mtu mwingine anayechapa! Printa ya pili ilikufa mwaka jana, sasa imekuwa meza ya kuwekea mtungi wa maji. Hati zote za jengo hili zinapita mkononi mwangu. Nilitaka kumjibu hivyo hivyo. Nikainama kuokota karatasi.

Alhamisi, 20 Machi

Nimebuni dawa yangu. Nikitoka mezani naweka stepla juu ya kitufe kimoja ili kompyuta ijue niko kazini. Imekesha macho! Imechapa!

Ijumaa, 21 Machi

Dawa imegeuka sumu. Stepla iliangukia herufi ya k wakati nimeacha mwenendo wa kesi wazi. Nimerudi nikakuta maneno ya shahidi wa pili yamefuatwa na kurasa arobaini na moja za kkkkkkkk. Nilizifuta, hakuna kilichoharibika, lakini Msajili aliziona kabla yangu. Alipiga ulimi tu, tc, akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 24 Machi

Nimepewa barua ya kujieleza. "Kushindwa kutumia vifaa vya ofisi kwa uangalifu na kuchelewesha kazi." Tena Msajili aliniletea rasimu mwenyewe, akaniambia niichape. Nichape barua ya kunishtaki mimi! Nikaketi, nikaichapa neno kwa neno, nikasahihisha hata makosa yake mawili ya tahajia, nikaagiza itoke.

Printa haipo.

Nilicheka peke yangu mpaka karani wa fedha akaja kuchungulia. Jioni nimemsimulia mume wangu, naye kacheka mpaka akajichoma sindano. Kisha akaiweka sindano chini. "Lakini mke wangu, huyo mzee si ndiye aliyekuwa anakusifia kwa wakubwa?" Ndiye. Ndiyo maana inauma.

Jumatano, 2 Aprili

Sijaandika wiki nzima. Hakuna jipya: inalala, haipo, nazima, nawasha. Barua ya kujieleza bado sijaijibu. Nijibu nini?

Ijumaa, 4 Aprili

Naandika haraka, mwandiko utakaokuwa ndio huo.

Asubuhi nilimkuta mama mmoja kwenye benchi la korido, upande usiovuja, viatu vyake vimejaa tope. Alikuwa amefika kabla yetu sote. Aliniambia mwanawe ni mlinzi wa ghala, yuko mahabusu wiki ya tano kwa sababu mali iliibiwa zamu yake. Leo dhamana yake inasikilizwa.

"Pole, mama. Itasikilizwa tu."

"Baba yake amefariki juzi," akasema, kwa sauti ile ya mtu aliyekwisha kulisema jambo mara nyingi. "Tunamzika kesho saa saba. Shemeji zangu walitaka kuzika leo. Nimewapigia magoti wasubiri, huyu ndiye kifungua mimba wangu. Nimeacha maiti ndani nikaja, mwanangu."

Saa sita hakimu alikubali dhamana. Wadhamini wawili, walimu wastaafu, karatasi zao zimenyooka. Saa nane kila sahihi ilikuwa mahali pake. Kilichobaki ni hati ya kumtoa: ukurasa mmoja, hakimu atie sahihi, mhuri ugongwe, tarishi aipeleke gerezani kwa pikipiki. Lango la gereza hufungwa saa kumi kamili, na ikishapita hapo hakuna anayetoka mpaka Jumatatu. Kwa mvua hii tarishi anahitaji nusu saa. Kwa hiyo nilikuwa na saa moja na nusu kwa kazi ya dakika mbili.

Nilipotoka kuwapeleka wadhamini, kompyuta ililala.

Niliiamsha, nikaandika hati, nikaagiza. Haipo. Saa nane na robo. Nikaizima, nikaiwasha kama siku zote, na badala ya kufunguka ikaniletea maandishi meupe: inajisasisha, usizime. Asilimia tatu.

Sijui kama kuna mtu amewahi kuitazama asilimia ikipanda huku mama mzazi anamtazama mgongoni. Asilimia tatu. Asilimia saba. Saa nane na nusu, asilimia kumi na tisa. Tarishi amesimama mlangoni amevaa koti lake la mvua, kofia ya pikipiki kichwani kabisa, jasho linamtoka.

Nikachukua karatasi nyeupe. Nikaiandika hati yote kwa kalamu, kwa mwandiko wangu mzuri wa kwenye majalada. Nikaenda nayo kwa Msajili, maana mhuri hukaa kwenye droo yake.

"Hii nini?"

"Hati ya kumtoa mahabusu, Msajili. Kompyuta inajisasisha. Mtu anazika baba yake kesho."

Akaishika kwa ncha za vidole. "Hati za mahakama zinachapwa. Waraka wa uchapaji umesema. Nikiruhusu leo mwandiko wa mkono, kesho kila mtu ataniletea michoro ya kuku."

"Msajili, lango linafungwa saa kumi."

"Basi ungeitunza mashine yako."

Mashine yangu!

"Nakuomba," nikasema. Miaka kumi na tisa sijawahi kumtamkia neno hilo. "Nakuomba, Msajili. Gonga tu mhuri, nimpelekee hakimu."

Akatazama dirishani, mvua ilikuwa imezidi. Akachukua mkoba wake, akafunga droo, akatia ufunguo mfukoni. "Ikichapwa, mhuri wa ziada uko kwa karani wa fedha." Saa tisa kasorobo alikuwa ameondoka, kuiwahi barabara isijae maji.

Karani wa fedha, nilipompelekea ile ya kalamu, alitikisa kichwa: mkuu ameshakataa, yeye ni nani?

Nikaenda mpaka mlango wa hakimu. Alikuwa anasikiliza kesi nyingine, nilimsikia akimuuliza shahidi swali. Kwetu mlango wa hakimu haugongwi akiwa anasikiliza. Nikasimama pale, karatasi mkononi. Nikainua ngumi nigonge.

Sikugonga. Hapa ndipo nilipo mimi katika habari hii, na lazima niandike. Sikugonga. Nikarudi kuangalia asilimia.

Ilimaliza saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Hati ikatoka, safi, nyeusi juu ya nyeupe. Sasa nikagonga mlango, sasa nikapata ujasiri, hakimu akatia sahihi bila hata kuuliza, karani wa fedha akagonga mhuri, tarishi akaondoka mbio. Alirudi saa kumi na moja kasorobo, bahasha imelowa. Askari wa lango amesema Jumatatu.

Mama alikuwa bado kwenye benchi. Hakulia wala hakupiga kelele. Aliitazama printa kupitia mlango wangu ulio wazi, akauliza, kama mtu anayeuliza kweli anataka kujua, "Hiyo mashine, mwanangu, haiwezi kuelezwa?"

Jumamosi, 5 Aprili

Saa saba mchana nilikuwa nafua. Nikaacha, nikakaa kwenye ndoo. Mvua ilikuwa inanyesha.

Jumapili, 6 Aprili

Mume wangu amesimamisha cherehani na kuniambia, "Sema." Nikasema yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Mwisho akauliza, "Kwani huo waraka wenyewe umeusoma?"

Nimekuwa nikiufikiria kutwa. Sijausoma. Nimeusikia tu kinywani mwa Msajili.

Jumatatu, 7 Aprili

Ametolewa saa mbili na nusu asubuhi. Wanasema alitoka langoni akapanda gari la kwanza la kwao, mkono mmoja ameshika mfuko wa nguo zake.

Nilipofika ofisini nilivua koti nikaenda moja kwa moja kwenye kabati la nyaraka. Waraka wa uchapaji uko pale, kurasa mbili. Unasema nakala za kumbukumbu za jalada zichapwe. Nakala za kumbukumbu! Hati za kumtoa mtu hazikutajwa hata kwa neno moja. Nimesoma mara nne nikitafuta neno nililolikosa. Halipo, na safari hii ni kweli halipo.

Nikagonga mlango wa hakimu. Huyu mama nimemwogopa miaka mitatu. Hacheki, hasalimii zaidi ya salamu moja. Nikamweleza, nimesimama. Alivua miwani.

"Aliyekwambia siwezi kutia sahihi mwandiko wa mkono ni nani?"

"Msajili, Mheshimiwa."

"Mtu anatolewa kwa sahihi yangu na mhuri. Printa ni urahisi tu. Ungeniletea hata kwenye karatasi ya daftari la shule, ningesaini." Akaiweka miwani mezani. "Ulifika mlangoni kwangu?"

"Nilifika."

"Kwa nini hukugonga?"

"Ulikuwa unasikiliza kesi."

Alinitazama, na niliona si hasira. Ilikuwa kitu kibaya zaidi kwangu: alikuwa anajilaumu naye. "Watu wa jengo hili mnaniogopa kiasi hicho?" Akavaa miwani. "Kuanzia leo mlango wangu unagongwa. Waambie na wengine. Na hiyo mashine itengenezwe kwa amri yangu, siyo ya mtu mwingine."

Jumanne, 8 Aprili

Nimekuwa na dhambi ya kumsema Zima-Washa, nami nataka kuifuta kwa mkono huu huu ulioiandika.

Alikuja saa tatu, amelowa, mwavuli ule ule. Safari hii alikaa. Nikaanza kumfokea kabla hajaketi, maneno ya mwezi mzima yakamwagika. Akaniacha nimalize. Kisha akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa plastiki.

"Soma, dada."

Ni nakala ya barua yake kwa Msajili, ya Februari, siku mbili baada ya ule waraka wa umeme. Imeandikwa wazi: kompyuta zikilazwa, hukata umeme wa matundu yanapochomekwa vifaa, na printa ya masjala itapotea kila mara; naomba ruhusa ya kurekebisha. Chini, kwa wino mwekundu na mwandiko ninaoujua kuliko wangu: *Hakuna kubadili mpangilio wowote. Tekeleza waraka.*

Nikakaa chini.

"Kwa nini hukuniambia ile Ijumaa?"

"Ningekwambia nini? Kwamba najua ugonjwa na nimekatazwa kutibu? Nina ofisi kumi na moja, dada, peke yangu. Nikisimamishwa mimi, hata hiyo zima-washa hamtaipata." Akatabasamu kwa pembe ya mdomo. Kumbe anajua tunamwitaje.

Akanivutia kiti nione. Alifungua mahali panapoorodheshwa vifaa vyote vya kompyuta, akashuka mpaka kwenye lile tundu la waya wa printa. Pameandikwa: ruhusu kompyuta ikizime kifaa hiki ili kuokoa umeme. Mbele yake kuna kisanduku kidogo, ndani yake alama ya tiki. Akaiondoa. Akaenda kwenye mpangilio wa umeme, akakuta ruhusa nyingine ya namna hiyo hiyo, ya kulaza matundu yote, akaifunga. Akafuta na foleni ya maagizo ya zamani. Basi. Nilikuwa naangalia saa ya ukutani: dakika sita.

"Sasa tuilaze," akasema.

Tukailaza. Tukaiamsha. Nikaagiza ukurasa mmoja. Ukatoka. Nikailaza tena. Nikaiacha dakika ishirini, nikaenda mpaka mwisho wa korido nikarudi, nikaagiza. Ukatoka. Nimeilaza na kuiamsha mara kumi na mbili leo, na mara zote kumi na mbili imechapa.

Nilidhani nitafurahi. Nilikuwa naitazama ile karatasi ya kumi na mbili nikitamani kuvunja kitu. Tiki! Alama ambayo mwalimu humpa mtoto akipata hesabu. Mtu amekosa kumzika baba yake kwa tiki moja na kwa wino mwekundu wa mtu aliyejua.

Alhamisi, 10 Aprili

Msajili ameniita, amefunga mlango, amenikaribisha kiti. Amesema tusahau ile barua ya kujieleza. Wakubwa wanataka maelezo ya tukio la Ijumaa, ameshayaandaa, nitie sahihi tu. Nikasoma. "Mahabusu alichelewa kutolewa kutokana na hitilafu ya mtambo."

"Msajili, mtambo ulikuwa mzima."

"Bi Karani, hii inakulinda na wewe pia."

"Najua inanilinda. Ndiyo maana siiwekei sahihi."

Akaniangalia kama anayemtafuta mtu mwingine ndani yangu, yule binti aliyemfundisha kushona majalada. "Mimi ndiye niliyekuleta hapa."

"Ndiye. Na shukrani yangu ipo. Lakini hili siandiki."

Nimerudi mezani, nimechukua kalamu, nimejibu barua ya kujieleza kurasa nne. Nimeweka saa, nimeweka asilimia, nimeweka kurasa arobaini na moja za k. Nimeweka droo iliyofungwa. Nimeweka na mlango wa hakimu, ngumi yangu iliyoinuka ikashuka. Nakala kwake, nakala kwa hakimu. Zima-Washa nilimwomba ruhusa ya kuambatisha barua yake. Alikuna kichwa, akasema, "Ambatisha. Mwavuli wenyewe umeshavunjika, nitaogopa mvua gani tena?"

Ijumaa, 11 Aprili

Watu wamepunguza sauti nikipita.

Jumatano, 23 Aprili

Matokeo. Mimi nimepewa onyo la maandishi, kwa kutomfikishia hakimu jambo la dharura. Nimelipokea. Ni la haki, ingawa limeniuma. Msajili amehamishiwa ofisi ya kumbukumbu za zamani, "kwa manufaa ya kazi". Hakuna neno hata moja juu ya wino mwekundu. Jana aliwaaga watu kwa soda, akapewa na saa ya ukutani. Ya ukutani! Watu wakapiga makofi. Mimi nilisimama nyuma, mikono imeshikana mgongoni.

Ile taarifa ya wakubwa imekwenda hivyo hivyo: hitilafu ya mtambo. Imetiwa sahihi na karani wa fedha.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua zinakatika. Printa haijakosea hata siku moja. Nikiipita naona haya, kama mtu aliyemsingizia jirani.

Alhamisi, 15 Mei

Leo ilikuwa tarehe ya kesi ya yule mlinzi. Sikuwa nimewahi kumwona uso. Niliposikia jina lake linaitwa nje nilipoteza hesabu ya majalada niliyokuwa nayapanga.

Kesi ilifutwa. Mwenye ghala hajaleta shahidi hata mmoja. Kama saa tano hivi akaja dirishani kwangu, mtu mrefu, shati limepigwa pasi vizuri, sauti ya chini. Aliomba nakala ya uamuzi. Nikachapa, nikagonga mhuri, nikampa. Hakuondoka.

"Samahani, mama. Nimeambiwa kuna barua inayoeleza kwa nini sikutoka ile Ijumaa."

Nikamtolea ile taarifa. Akaisoma. Haikumchukua muda, ni mstari mmoja.

"Hitilafu ya mtambo," akasema. "Hii siwezi kuipeleka nyumbani. Baba zangu wadogo wanasema nilipewa dhamana nikaenda kunywa. Wanamwambia mama alinitetea bure, aliwachelewesha watu na maiti kwa ajili ya mlevi. Mama hawajibu. Tangu siku ile hawajibu kabisa."

Ningeweza kusema pole. Ningeweza kusema kompyuta ilikuwa inajisasisha.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "siyo mtambo. Hati yako niliiandika kwa mkono saa tisa haijafika. Mkuu wangu akakataa kuigongea mhuri, na hakuwa na sababu ya kukataa. Nikaenda kwa hakimu, nikaogopa kugonga mlango. Ningegonga, ungemzika baba yako. Wakosaji ni yeye na mimi."

Alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. Nilingoja anitukane, na nilikuwa tayari. Nyuma yake foleni ilikuwa imeanza kunung'unika.

"Niandikie hayo," akasema.

"Nitakuchapia sasa hivi."

"Hapana. Kwa mkono wako. Cha mashine hawatakiamini tena."

Nikamwambia aliyekuwa nyuma yake asubiri. Nikachukua karatasi nyeupe. Nikaandika jina lake, jina la marehemu baba yake, tarehe, saa nane, saa tisa kasorobo, saa kumi. Nikaandika nani alifanya nini, na mimi nikijitaja kwa jina langu kamili. Nikatia sahihi. Kisha nikapanda ngazi, nikagonga mlango. Hakimu alikuwa anasikiliza kesi. Alisimamisha shahidi, akasoma yote, akaongeza sahihi yake chini ya yangu.

Niliporudi, yule mtu alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Alipofika mwisho akanirudishia.

"Bado kitu kimoja," akasema. "Andika kwamba mama alikuwepo. Kwamba alikaa hapo kwenye benchi tangu asubuhi mpaka jioni, hakuondoka."

Nikaandika.